Koplo wa Stoo na Mahakama ya Sinia

Mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania aliponipigia simu kunituma uwanja wa ndege nikampokee "Mheshimiwa Hakimu Severin Nampota, mwanajeshi mstaafu, mwanasheria, fahari ya watu wa Kusini," niliifunika simu kwa kiganja mpaka akadhani imekatika. Alidhani nimeguswa. Kumbe nilikuwa najizuia nisicheke. Ulikuwa mwaka ule treni za chini ya ardhi zilipoanza kubeba watu Doha, na mimi nilikuwa dereva wa hoteli, nina gari jeusi refu na shati jeupe la mikono mirefu. Nampota alikuwa anapita tu, anatoka kwenye mkutano wa mahakimu huko Ulaya, na ndege ya kumrudisha nyumbani ilikuwa ya alasiri siku hiyohiyo. Wakubwa wetu wakaona hiyo ni bahati. Wakapanga karamu ya mchana, Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini na kanisani, ili aje atuambie jinsi mlinzi wa getini alivyofika kwenye kiti cha hakimu. Miye sikuhitaji kuambiwa. Nililala juu yake mwaka mzima, kitanda changu cha juu, chake cha chini, katika nyumba ya walinzi kule Muaither, na mengi ninayoyajua kuhusu haki niliyajifunza kwa kumtazama yeye akiivunja.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vya chuma vya ghorofa, friji moja iliyokoroma, dirisha moja lililozibwa na kiyoyozi, na zulia ambalo rangi yake hakuna aliyewahi kuijua. Ilikuwa ni nyumba ya familia kubwa iliyokatwakatwa kwa mbao, na wenyewe waliijenga wakiwaza watoto wao watakimbia humo, si wanaume wazima wakisubiriana mlango wa choo. Tulikuwa Watanzania watupu isipokuwa mtu mmoja, Wanjala, Mkenya wa Bungoma, kijana mrefu mpole aliyekunja miguu usiku kwa sababu kitanda hakikumtosha. Mimi waliniita Tanga, kwa kuwa ndiko nilikotoka, na jina langu halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Nampota yeye alitaka aitwe Kapteni. Alikuwa amekwishapita arobaini, ana kifua cha jogoo na masharubu aliyoyachonga kila asubuhi, na kitanda chake alikitandika kwa kona kali kama za bahasha. Alitusimulia vita mpaka tukazijua kwa majina. Baadaye jamaa mmoja wa kwao Masasi aliyekuja kututembelea akatutobolea siri: Nampota alikuwa koplo, na kazi yake jeshini ilikuwa stoo, kutoa mablanketi na kupokea mablanketi. Adui aliyepigana naye ni panya. Tulicheka siku hiyo, lakini kesho yake bado tulimwita Kapteni, na hilo nalo linaniudhi hadi leo, jinsi watu walivyo wepesi kumwachia mtu cheo alichojivika mwenyewe.

Alikuwa anasoma sheria kwa posta. Vitabu vilimjia vimefungwa kwa kamba, na alivisoma amejifunika taulo alilolitundika kwenye nguzo za kitanda, akitamka Kilatini kwa sauti ya kuombea mvua. Hapo ndipo ilipozaliwa mahakama yetu. Mwanzoni halikuwa jambo baya, nakiri. Wanaume wengi ndani ya chumba kimoja hawakosi ugomvi, na hakuna aliyetaka ugomvi wa chumbani ufike kwa supavaiza, kwa maana supavaiza hakuwa na dawa nyingine zaidi ya kukukatia tiketi ya kurudi kwenu. Basi Ijumaa baada ya chakula Kapteni aliketi kitandani mwake juu ya mito miwili, amevaa koti la sare mabegani kama joho, na mwenye kesi alisimama mbele ya friji, mikono nyuma. Kabla ya kusema lolote ilibidi useme, "Naomba kusimama, Afande," ingawa ulikuwa umekwishasimama. Ukiiba sabuni ya mwenzio, utasugua choo. Ukikoroma kwa makusudi, utasafisha kichujio cha kiyoyozi, kile kilichojaa vumbi la jangwani. Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kutolewa sinia. Tulikula sote kwenye sinia moja la alumini, tumelizunguka chini, Mwislamu na Mkristo, kila mtu na upande wake. Aliyetolewa sinia alipewa sahani yake akale ngazini. Mtu aliyekaa nyumbani kwao hawezi kuelewa jambo hilo lina uzito gani. Kazini unasimama peke yako getini, hakuna anayekutazama usoni. Sinia ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo mtu alikusogezea nyama bila kuombwa.

Sasa niseme kuhusu dagaa. Kupika chumbani kulikatazwa. Chini kulikuwa na jiko moja la nyumba nzima, na ukilisubiri jiko hilo utakula wakati wenzio wameshaamka. Kwa hiyo tulikuwa na jiko dogo la umeme, tukalificha ndani ya sanduku tupu la viatu chini ya kitanda cha Bakari, Mdigo mwenzangu wa pwani ambaye alikuwa kama msaidizi wa Kapteni, anacheka Kapteni akicheka na kununa Kapteni akinuna. Maharage, wali, mchuzi wa nyanya, vyote vilipikwa pale miezi mingi na hakuna aliyetusumbua. Kisha mwenzetu mmoja wa lindo la hotelini akarudi kutoka likizo, akamletea Kapteni mfuko wa dagaa wa Kigoma. Kapteni akataka wakaangwe siku ileile. Wanjala akasema, "Afande, hii omena itanukia mpaka kwa jirani. Si tupike chini leo?" Kapteni akamjibu kwamba watu wa Kusini hawafundishwi dagaa na mtu wa milimani. Wakakaangwa kwa mafuta mengi na pilipili, dirisha limezibwa, mlango tumeusindika taulo chini yake, na kile kiyoyozi kikivuta harufu yote na kuitema nje, moja kwa moja kwenye dirisha la msimamizi wa makazi, tuliyemwita kempubosi, Mhindi wa Kerala aliyelala chumba cha pembeni. Sisi wenyewe hatukusikia harufu yoyote. Sisi tulisikia nyumbani.

Kempubosi alibisha mlango tukiwa bado na mafuta vidoleni. Aliingia ameshika pua, anasema, "Samak! Samak!" na hata kama hukujua Kiarabu cha kazini, ulijua mtu huyo anazungumzia samaki. Alifuata waya kutoka ukutani mpaka chini ya kitanda cha Bakari, akalitoa sanduku la viatu, akalibeba jiko letu likiwa bado la moto, analihamisha mkono huu mkono huu. Faini ikakatwa kwenye mishahara yetu wote. Lakini faini haikutuuma kama njaa. Kwa muda tulikula mikate na jibini ya pembetatu, na wanaume wenye njaa wanapokaa pamoja hutafuta mtu wa kumlaumu. Nani amesema? Ndilo lililokuwa swali. Nani amekwenda kwa kempubosi? Mtu ameshika pua, anataja samaki, na bado tulimtafuta msaliti! Bakari ndiye aliyeanza kusema kwamba ile pua ilikuwa ni maigizo, kwamba kempubosi alijua tayari na alishika pua kumlinda mtu wake. Kila mtu akaona ni kweli. Ukweli ulikuwa rahisi mno, na ulimwangukia kila aliyekula.

Bakari akakumbuka kwamba alimwona Wanjala getini siku moja kabla, anaongea na kempubosi, wanacheka. Basi. Kesi haikusubiri Ijumaa. Alasiri Wanjala aliporudi kutoka lindoni, hata buti hajavua, alikuta Kapteni amekalia mito miwili na koti mabegani. Akasimamishwa mbele ya friji. Namwona bado, kofia ya kazi mkononi, amebana magoti kidogo ili asionekane mrefu kupita hakimu. "Naomba kusimama, Afande," akasema. Kapteni akamuuliza alikuwa anazungumza nini na kempubosi. Wanjala akajibu bila kusita, na sisi tuliokuwa naye tulijua anachosema. Zamu yake ilikuwa imehamishiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo mwanamke aliyempenda, Nekesa, mfanyakazi wa nyumbani, aliruhusiwa na mama mwenye nyumba kwenda kanisani Mesaimeer. Simu yake alinyang'anywa. Wasipoonana kanisani hawaonani. Wazee wa kwaya walikuwa wamekubali kuwasimamisha mbele ya waumini kama wachumba. "Nilimwomba anisaidie anibadilishie hiyo Friday, nikasimame na huyo dada. Akasema ataona. Tukacheka kwa sababu aliniuliza kama nitamwalika harusi. Hayo tu. Mambo ya jiko sikutaja, haki ya Mungu."

"Kempubosi tangu lini akambadilishia mtu Ijumaa?" Kapteni akauliza chumba, si Wanjala.

"Haijatokea," akasema Bakari.

"Sasa si mmwite yeye mwenyewe mumuulize? Yuko hapo tu, mlango wa pili," akasema Wanjala.

"Mahakama hii haimwiti adui kuwa shahidi."

Nilikuwa nimekaa juu kitandani, miguu inaning'inia. Nikasema, "Naomba kusimama, Afande," nikaruka chini. Nikasema, "Ni dagaa." Sikuwa na hotuba nyingine. Walicheka wote, wakacheka vicheko vya watu waliokosa cha kuchekea kwa siku nyingi, na Kapteni akasubiri wamalize. "Harufu haina miguu, Tanga," akasema, na hilo likawachekesha zaidi. Kisha akakunja uso, akatoa hukumu: Wanjala ametiwa hatiani, atolewe sinia hadi mahakama itakapoona vinginevyo. Hakutaja ushahidi hata mmoja. Alitaja maneno mawili ya Kilatini, nami nina hakika alikuwa ameyasoma asubuhi ileile na alikuwa anatafuta pa kuyamwaga. Wanjala akauliza, "Ndiyo imeisha?" Akaambiwa imeisha. Akavua buti, akachukua sahani yake, akaenda ngazini.

Haya yangeweza kuwa ujinga tu, na ujinga mtu husamehe. Nilichokisikia siku chache baadaye hakikuwa ujinga. Nilipanda paani kuanika sare, na Kapteni alikuwa upande wa pili wa tangi la maji anavuta sigara na Bakari. Shuka za watu zilinificha. Bakari, hata yeye, alianza kusutwa na roho. Akamwambia, "Lakini Kapteni, kweli tupu, si wale dagaa?"

"Ni dagaa, ndiyo," akasema Kapteni, kwa utulivu kabisa, kama anayeulizwa saa. "Dagaa wa nani?"

"Wako."

"Na mwenye kesi nani? Ulitaka nijihukumu? Chumba kikikosa mtu wa kukilaumu, kitanigeukia mimi. Halafu nani atawasikiliza wakigombana? Mtauana."

"Sasa kwa nini yule Mkenya?"

"Kwa sababu hana mtu wa kwao humu. Ningemshika mtu wa Tanga, mngeingia wawili. Ningemshika Msukuma, wangeingia watatu. Yule akitoka, anatoka peke yake na chumba kinabaki kizima. Hayo ndiyo wanayaita busara ya mahakama." Akatema mate, akazima sigara kwa kisigino, kijeshi. Nilibaki nimeshika kibanio cha nguo mdomoni. Nilikuwa nimeshakutana na waongo na wezi, lakini mtu anayechagua wa kumwumiza kwa kuhesabu ndugu zake, tena akajiona amefanya kazi ya maana, huyo nilikuwa sijamjua. Nilimdharau pale pale, dharau iliyokamilika, na tangu siku hiyo haijapungua wala sijaitafutia dawa.

Nilishuka nikawaambia wenzangu nilichosikia, mbele yake, jioni tukila. Bakari akaangalia zulia. Kapteni hata hakukana. Aliniuliza kama nina shahidi, halafu akanihukumu pale pale kwa kosa la kuidharau mahakama. Hapo alisema kweli, niliidharau. Nikabeba sahani nikaenda ngazini nikakaa na Wanjala. Alisogea kunipisha, akanimegea nusu ya yai lake, akasema, "Karibu Nairobi," tukacheka. Chakula cha ngazini kilikuwa kibaya kwa sababu kilifika kimepoa, lakini nilikishiba. Watu wa vyumba vingine walipita juu ya miguu yetu wakidhani tunapenda upepo.

Kisha likatokea lile ambalo kwa akili yangu ya ujana nilidhani litamaliza kila kitu. Kempubosi, mtu ambaye hajawahi kumbadilishia mtu Ijumaa, alimbadilishia Wanjala Ijumaa moja. Alikuja mlangoni akamwambia mbele ya chumba kizima, tena kwa tabasamu, akimkumbusha habari ya kualikwa harusi. Nikawageukia wenzangu nikijua sasa wameona. Kila neno alilosema Wanjala mbele ya friji lilikuwa limesimama pale mlangoni na miguu yake. Wanjala alianza kupiga pasi shati lake jeupe kwenye kitanda, anapiga mluzi. Kapteni alinyanyua taulo lake, akatoa kichwa. "Mmeona?" akasema. "Amelipwa." Neno moja tu, na nikaona nyuso zinafunga kama milango. Hawakumtoa sinia tena, maana alikwisha kutolewa, sasa walimnyamazia. Akisalimia, kimya. Akiuliza saa, kimya. Wanaume wazima, wengine wana wajukuu!

Ijumaa ile nilikwenda naye Mesaimeer, mimi Mwislamu na kanzu yangu, baada ya kuswali Jumaa. Nilimsubiri nje ya geti, penye foleni ya magari na jua la kuunguza soli. Alipotoka, shati lilikuwa limelowa jasho na halikuwa jeupe tena. Nekesa hakuwa amekuja. Wageni walifika kwa mabosi wake na mama mwenye nyumba akamzuia. Wazee wa kwaya walimwambia Wanjala avumilie, aje Ijumaa ijayo. "Ijumaa ijayo ntaipata wapi, Tanga?" akaniuliza. Kwenye basi, tulipokaribia nyumbani, akasema angeweza kungoja hata mwaka kama angekuwa na mahali pa kungojea. Chumba kile hakikuwa mahali. Mtu hawezi kurudi kila siku kwa watu wanaompita kama samani. Wiki hiyo aliomba mwenyewe ahamishwe, wakampa lindo ambalo kila mtu alilikwepa, uzio mrefu jangwani upande wa Dukhan, mbali na basi, mbali na Ijumaa. Alipofunga begi alisema kwaheri kwa sauti. Niliitikia mimi peke yangu, na friji.

Niliendelea kwenda Mesaimeer kila Ijumaa nisiyokuwa zamu, nikiwa na ujumbe wake kichwani, nasimama getini na kanzu yangu nawauliza akina dada wa Kikenya, "Samahani dada, unamjua Nekesa wa kwaya?" Wengine walinidhania tapeli. Mwishowe mmoja akaniambia kwamba mabosi wa Nekesa wamehama nchi na wameondoka naye, na hakuna anayejua walikokwenda. Aliondoka akiamini Wanjala amemkimbia. Alilia sana kanisani, dada yule akasema, siku alipomtafuta akaambiwa haji tena. Nilimpigia Wanjala kule jangwani nikamweleza. Akasema asante. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, nikasikia anasema asante mara ya pili.

Nampota huyo ndiye mheshimiwa niliyekwenda kumpokea. Alitoka mlangoni na suti ya kijivu, amenenepa, masharubu yaleyale yametiwa rangi. Akanikumbatia. "Tanga! Bado uko huku?" Akakaa kiti cha nyuma bila kuulizwa. Akastaajabia majengo, akastaajabia treni, kisha akataka nimpitishe Muaither aione nyumba yetu. Ilikuwepo, imepakwa rangi, kuna watoto wanacheza ndani, familia imerudi. Akasimama getini akanipa simu nimpige picha. "Hapa ndipo nilipoanza kuhukumu," akasema, ameingiza mkono kwenye koti. Nilimpiga picha. Nilihakikisha pipa la taka limeingia.

Ukumbini walikuwa wamemwandalia mambo. Kwa heshima ya maisha ya zamani pilau iliwekwa kwenye masinia, viti vimeondolewa, watu wamekaa chini juu ya mazulia mazuri. Mwenyekiti akasoma sifa zake: kapteni, wakili wa wanyonge, hakimu asiyeyumba. Hakuna aliyesema koplo, wala aliyesema mablanketi. Naye akasimama, akafuta mdomo, akaanza kuwafurahisha. Akasimulia chumba, mito miwili, koti la sare, friji. Watu walikufa kwa kicheko. Kisha akashusha sauti. "Kesi yangu ya kwanza kubwa," akasema, "ilikuwa ya kijana mmoja Mkenya. Chumba kizima kilitaka damu yake. Walisema ametusaliti kwa msimamizi. Mimi nikauliza, ushahidi uko wapi? Hakuna. Nikamwachia huru. Walininyamazia wiki nzima, ndugu zangu. Nilikula ngazini peke yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitakuwa hakimu." Wakapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amechukua hata ngazi yetu! Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, hata ya kuficha, nikaona macho makavu ya mtu anayeamini anachosema.

Nikasimama. "Naomba kusimama, Afande," nikasema, na watu wakashangilia wakidhani ni mchezo wa kumbukumbu. "Ni dagaa," nikasema. "Walikuwa dagaa wako, ulijua ni dagaa, na yule kijana ulimtoa sinia kwa sababu hakuwa na ndugu chumbani. Aliyekula ngazini ni yeye. Na mimi." Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. Nampota akaangalia watu, kisha akanyoosha mkono kwangu kwa upendo mkubwa. "Tanga huyo! Utani wake haujafa!" Wakacheka. Wakacheka vilevile, kama mara ya kwanza, na mwenyekiti akanipigapiga mgongoni, akaniambia nikae karibu na mgeni kwenye sinia la mbele. Mgeni mwenyewe akanisogezea nyama. Nilichukua sahani kwa mhudumu, nikatoka nikala nje kwenye ngazi za ukumbi, na soli za viatu vya watu zilipita karibu na pilau yangu.

Alasiri nikampeleka uwanja wa ndege. Tulipofika kwenye taa nyekundu karibu na ufukwe akasema, "Ulinidhalilisha, Tanga."

"Funga mkanda, Afande."

Akafunga. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hivi yule Mkenya, anaitwa nani vile? Yuko wapi siku hizi?"

Nilisogeza gari pembeni, nikatoa simu, nikatafuta jina, nikabonyeza, nikamrushia nyuma mapajani. Wanjala yuko Bungoma, ana duka la vifaa vya ujenzi, ana mke mwema na watoto warefu kama yeye, na tunazungumza kila Idi na kila Krismasi. Jina la Nekesa hatulitaji. Simu ililia, na katika ukimya wa gari lile la bei ghali nilimsikia Wanjala akipokea, sauti yake imenenepa kidogo, imejaa furaha. "Halo! Tanga! Ndugu yangu, sema!" Nilimtazama Nampota kwenye kioo. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili mbali na uso wake, midomo imefunguka. Angeweza kusema lolote. Angeweza hata kudanganya. Si alikuwa fundi? "Halo? Tanga, unanisikia?" akasema Wanjala. Kapteni, wakili, hakimu asiyeyumba, akainama mbele akanirudishia simu taratibu, kama kitu kinachoweza kuunguza, akageuza uso dirishani.

"Mtandao mbaya," akasema.

Nikaweka simu sikioni. "Nipo, kaka," nikamwambia Wanjala.

"Kulikuwa na mtu hapo? Nilisikia kama mtu anapumua."

Nikamtazama tena kwenye kioo, na masharubu yake, na suti yake, na mkanda umemkaza tumbo.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni abiria tu, nampeleka uwanja wa ndege."